Mwenye Ufunguo wa Muziki

Nyumba haijengwi kwa mawe na mbao peke yake. Hujengwa pia kwa sauti zikaazo ndani yake: mlio wa kinu, kikohozi cha mzee, kicheko cha watoto, dua ya alfajiri na wimbo wa jioni. Mpita njia huijua nyumba yenye furaha kwa sikio kabla hajaijua kwa jicho. Kwa sababu hii chombo kiletacho muziki nyumbani si pambo dogo kama wengi wadhanivyo. Hupewa ruhusa ya kusema mbele ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, na pengine husema zaidi kuliko mwenye nyumba mwenyewe. Mtu huuliza tabia ya mpangaji kabla ya kumpa chumba; ni haki aulize vile vile tabia ya chombo kabla ya kukipa sebule.

Zamani swali hili lilikuwa jepesi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikarudi pwani katika sahani za santuri. Aliyenunua sahani moja alinunua wimbo pamoja na haki ya kuupiga mpaka sahani ichakae. Hakuhitaji kumwomba mtu idhini. Mwaka 1951 redio ilianza kutangaza kutoka Dar es Salaam na kutoka Unguja. Mwenye redio hakujichagulia wimbo, lakini chombo kilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha kituo na kimoja cha sauti, na mkono wowote uliofika mezani uliweza kuvigeuza. Kisha zikaja kanda, ambazo kampuni ya Philips ilizitoa mwaka 1963. Kanda zilizidi santuri kwa jambo moja kubwa: nyumba yenyewe iliweza kujirekodi. Arusi, maulidi na maneno ya wazee yaliwekwa katika utepe mwembamba na kutunzwa kabatini.

Siku hizi muziki hautunzwi kabatini. Hukaa katika maghala ya kampuni za mbali na kutiririka kwa intaneti kila uitwapo. Spotify, ambayo ni mojawapo ya kampuni hizo, ilifungua milango yake Kenya na Tanzania mwezi Februari 2021, na husema kuwa ghala lake lina nyimbo zaidi ya milioni 100. Hakuna mfalme wa zamani aliyepata kuwa na waimbaji wengi kiasi hicho uani kwake. Walakini neema hii ina sharti. Alipaye kila mwezi hanunui wimbo. Huupanga, kama mtu apangaye nyumba. Siku aachapo kulipa, au siku mwenye ghala auondoapo wimbo rafuni, hubaki mikono mitupu. Mnunuzi wa spika isiyo na waya huingia katika mapatano haya, ajue asijue, na mapatano mema hufanywa na mtu aliyekwisha kufahamu njia ambazo muziki hupita mpaka ukafika sikioni.

Njia ya kwanza ni Bluetooth. Kazi ya kuivumbua ilianza katika kampuni ya Ericsson nchini Sweden mwaka 1994, na jina lake lilitokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuunganisha watu waliotengana. Njia hii haihitaji intaneti baina ya simu na spika. Viwili hivyo hushikana mikono, na wimbo hupita hewani kwa umbali wa mita 10 hivi. Spika za namna hii aghalabu ni za bei nafuu, na nyingi zina betri, jambo ambalo ni faraja kubwa usiku ukatikapo umeme. Ila ndoa yao ni ya wawili. Simu ikilia, wimbo hunyamaza. Mwenye simu akitoka kwenda sokoni, muziki humfuata mpaka mlangoni, kisha hukatika, na walioachwa nyumbani huachwa kimya.

Njia ya pili ni waifai, ambayo huunganisha vyombo vyote vya nyumba kwa kupitia ruta. Nayo hugawanyika mara mbili. Katika utaratibu wa AirPlay, ambao Apple iliutoa mwaka 2010, kwa kawaida simu huupokea wimbo na kuukabidhi kwa spika, kama mtumishi abebaye sinia kutoka jikoni. Simu ikizimika, sinia huanguka. Katika utaratibu wa Chromecast, ambao Google iliuanza mwaka 2013, simu ni kama karani: huiandikia spika mahali wimbo ulipo, na spika huenda kuuchukua yenyewe. Karani anaweza kulala, na kazi ikaendelea. Tofauti hii haionekani dukani kwa macho, lakini huonekana nyumbani kila siku.

Waifai ilileta pia uwezo wa kuimbisha vyumba vingi kwa wakati mmoja. Kampuni ya Sonos, iliyoanzishwa Santa Barbara katika California mwaka 2002 na kuanza kuuza vyombo vyake mwaka 2005, ilijipatia jina kwa kulifumbua fumbo hili. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde, yaani kila mita moja hula karibu sehemu 3 za elfu za sekunde. Uchelewaji mdogo kama huo sikio huusamehe. Lakini spika ya jikoni ikichelewa nyuma ya spika ya sebule kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwimbaji mmoja husikika kama watu wawili wanaobishana. Dawa yake ni spika kufuata saa moja, kila moja ikaweka akiba ndogo ya wimbo, kisha zote zikatoa sauti ile ile kwa wakati ule ule. Ni ufundi wa kustahili sifa. Hata hivyo haufai kitu mahali ambapo waifai yenyewe haipiti. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta zenye unene wa kiasi cha nusu mita, na kuta hizo huyazuia mawimbi kama zizuiavyo joto. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi kuliko yale ya gigahezi 5, na mwenye nyumba kama hiyo hufanya vema ajaribu chumba kwa chumba kabla hajatoa fedha.

Baada ya njia huja gharama, na gharama hii haiandikwi juu ya sanduku la spika. Wimbo utiririkao kwa kipimo cha kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa. Nyumba isikilizayo saa 3 kila siku hutumia karibu gigabaiti 13 kwa mwezi. Kwa kipimo cha kilobiti 96 saa moja hula megabaiti 43 tu. Wimbo wa kipimo kamili cha sidii, ambao haukubanwa, huhitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde, sawa na megabaiti 635 kwa saa. Na hata ukibanwa kwa ufundi usiopoteza kitu bado ni mzigo mzito kwa nyumba inunuayo intaneti kwa vifurushi. Wauzaji husifu kipimo hiki kikubwa. Sifa ni ya kweli katika chumba kitulivu, mbele ya spika bora na sikio lililozoezwa. Lakini chini ya paa la bati wakati wa mvua, feni ikivuma na sufuria zikigongana, tofauti hiyo huzama. Mkeka ukutani, mapazia mazito na spika iliyoondolewa pembeni mwa chumba, ambako mivumo mizito huzidi kiasi, huweza kuitengeneza sauti kuliko fedha nyingi zilizolipwa kwa ajili ya tarakimu.

Hayo yote ni mambo ya kupimwa kwa sikio, kwa mita na kwa mfuko. Liko jambo jingine lisilopimwa hivyo, nalo ni kujua nani ameshika ufunguo wa chombo baada ya kununuliwa. Spika ya siku hizi ni spika nusu na kompyuta nusu. Sehemu yake ya mbao, sumaku na karatasi yaweza kuishi miaka thelathini. Sehemu yake ya kompyuta huishi kwa hisani ya mtengenezaji, kwa kuwa ndiye aandikaye programu yake na ndiye awezaye kuibadili usiku mwenye chombo amelala.

Historia fupi ya biashara hii imekwisha kutoa mifano. Mwezi Januari 2020 Sonos ilitangaza kwamba kuanzia Mei ya mwaka huo baadhi ya vyombo vyake vya zamani havitapata tena programu mpya. Vyombo vilikuwa vizima, na sauti yao ilikuwa njema kama siku ya kununuliwa. Wanunuzi walinung'unika kwa nguvu hata mkuu wa kampuni akawaomba radhi na kuwahakikishia kuwa vyombo vyao vitaendelea kufanya kazi. Walakini mwenye vyombo vya zamani na vipya pamoja alilazimika kuvigawa makundi mawili, au kuvibakiza vyote katika programu ya zamani. Mwezi Mei 2024 kampuni ile ile ikatoa programu mpya ya simu, na watu wakakuta kuwa baadhi ya mambo waliyoyazoea, kama vile saa ya kuzima muziki usiku, hayamo tena. Mkuu yule aliomba radhi tena mwezi Julai, na Januari 2025 aliacha cheo chake. Kampuni haikuwa na nia ya kuwatesa wateja wake. Ilibadili kufuli kwa kuwa kufuli lilikuwa lake, na wenye nyumba wakasimama nje ya milango yao wenyewe.

Mfano wa upande wa pili ni chombo kilichoitwa Squeezebox. Kilitengenezwa na kampuni ndogo ya Slim Devices, ambayo ilinunuliwa na Logitech mwaka 2006, na mwaka 2012 biashara yake ikakomeshwa. Kwa desturi ya mambo haya chombo kile kingalikwisha kusahauliwa. Lakini programu iliyokiendesha ilikuwa wazi, kila ajuaye aliweza kuisoma na kuitengeneza, nayo ilikaa katika kompyuta ya mwenye nyumba. Wapenzi wake waliitunza kwa kujitolea, na sasa huitwa Lyrion Music Server. Mwaka 2024 Logitech ilipofunga huduma ya intaneti iliyokuwa ikivisaidia vyombo vile, waliokuwa na programu hiyo nyumbani waliendelea kusikiliza nyimbo zao. Mtengenezaji aliondoka, lakini ufunguo ulibaki nyumbani.

Katika nyumba moja ya Tanga hoja hii ilikatwa na bibi kizee asiyejua kusoma maandishi ya simu. Mjukuu wake, kijana mwenye kazi ya mshahara, alikusudia kuwanunulia watu wa nyumbani spika nzuri. Alikwisha kuichagua: nyeusi, nyembamba, isiyo na kitufe hata kimoja wala tundu la waya, amri zake zote zilitoka katika simu. Alieleza uzuri wake kwa furaha, na bibi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," akauliza, "wewe ukiwa kazini, nani ataniwashia?"

"Bibi, nitakuwashia asubuhi kabla sijaondoka."

"Na nikitaka kinyamaze?"

Kijana hakuwa na jibu. Bibi akaingia chumbani, akatoka na kasha la bati lenye kanda kumi na moja. Moja ilirekodiwa katika arusi ya mwaka 1979. Ndani yake marehemu dada yake bibi aliimba kwa sauti nyembamba iliyopanda juu ya ngoma na vigelegele, na katikati ya wimbo mtoto mchanga alilia mpaka akabembelezwa. Mtoto yule alikuwa ndiye mama wa kijana.

"Na huyu," bibi akasema, akiinua kanda ile, "chombo chako kitampata wapi?"

Swali lile lilikuwa zito kuliko tarakimu zote za dukani. Katika nyimbo milioni 100 wimbo ule haukuwamo, wala hautakuwamo. Ulikuwako mahali pamoja tu duniani, katika utepe ambao ulikuwa umeanza kunata kwa unyevu wa pwani, na redio ya kanda ya mwisho katika nyumba ile ilikwisha kuharibika. Kama kijana angalinunua spika aliyoikusudia, nyumba ingalipata sauti zote za dunia na kuipoteza moja iliyokuwa yake.

Kazi iliyofuata ilihitaji saburi. Fundi mmoja mwenye chombo cha kanda kilicho kizima alitafutwa, chombo kikaunganishwa na kompyuta kwa waya, na kanda zikapigwa moja moja huku kompyuta ikinakili. Kanda ya saa nzima hunakiliwa kwa saa nzima. Haraka haina nafasi. Kanda ya tatu ilikatika. Fundi akaiunga, lakini beti moja ilipotea na haikurudi. Kanda ya arusi ilipita salama. Nakala zikawekwa mahali pawili, nyumbani na kwa shangazi mtu, kwa kuwa kitu chenye nakala moja ni kitu kinachongoja msiba.

Hapo ndipo spika ikachaguliwa upya. Iliyonunuliwa ilikuwa pana, ya mbao, na sura yake haikumpendeza kijana. Ilikuwa na kitufe cha kuwasha na kingine cha kuzungusha cha sauti, tundu la waya, na mahali pa kuchomeka flashi yenye nyimbo. Pamoja na hayo ilikuwa na Bluetooth na waifai, hata ghala la mbali likaweza kufikiwa mtu alipolitaka. Mivumo yake mizito ilikuwa dhaifu kuliko ya ile nyeusi, na haikuweza kuungana na spika za vyumba vingine. Hasara hizo zilikuwa za kweli, na kijana hakuacha kuitamani ile ya kwanza kila alipopita dukani. Lakini mchana, nyumba ilipokuwa haina kijana, bibi alinyosha mkono, akageuza kitufe, na dada yake akaimba.

Kutokana na haya yaonekana kuwa mnunuzi mwenye busara huuliza maswali machache kabla ya swali la bei. Huuliza kama chombo kitatoa sauti siku ambayo intaneti imekatika au kifurushi kimekwisha. Huuliza kama kitapokea wimbo ambao mwenye nyumba anao mwenyewe, katika flashi, kwa waya, au katika kompyuta yake. Huuliza kama mtoto, mzee na mgeni wataweza kukiwasha na kukizima bila simu ya mtu mwingine. Huuliza kama hufuata utaratibu mmoja ulio wazi kwa vyombo vya watengenezaji wengi, au humfunga mtu katika ukoo wa kampuni moja. Huuliza, mwisho, mtengenezaji ameahidi kukitunza kwa miaka mingapi, na kitabaki na kazi gani siku ahadi hiyo ikikoma. Muuzaji asiyeweza kujibu amekwisha kujibu.

Yamkini mtu atasema kuwa maswali haya ni ya woga, na kwamba atakaye raha ya leo hana haja ya kuhesabu miaka. Neno hilo lina haki yake. Mpangaji wa chumba kimoja, ahamaye kila mwaka, hutosheka na spika ndogo ya Bluetooth, na hana kosa. Mpenzi wa muziki mwenye fedha na intaneti ya kudumu aweza kutandaza spika katika vyumba vyote na kufurahi, mradi ajue kuwa anakodi. Kukodi si aibu. Aibu ni kukodi kwa kudhani umenunua, na kukabidhi hazina ya jamaa kwa mlinzi asiyeijua. Ghala la mbali ni bahari ya kuvua, na hakuna mvuvi aidharauye bahari. Lakini hakuna pia mvuvi atupaye mtungi wake wa maji kwa kuwa anaishi karibu na maji mengi.

Vyombo vitazidi kuwa vizuri, na bei zitapanda na kushuka. Majina yanayosifiwa leo yatasahauliwa kama yalivyosahauliwa majina ya santuri nyingi. Kitakachodumu ni haja ya watu wa nyumba moja kukaa pamoja na kusikia kitu kimoja, na haja ya kila mmoja wao, hata aliye dhaifu, kuwa na neno katika kinachosikika. Chombo kinachozihudumia haja hizo mbili ni chema hata kikiwa duni kwa sura, na kinachomfanya mtu mmoja mwenye simu kuwa bwana wa masikio ya wenzake ni kibaya hata kikiimba kama malaika. Sauti ya nyumba ni mali ya wote wakaao ndani yake, na ufunguo wake hauna budi kutundikwa mahali ambapo kila mkono waufikia.